Mtoto analia mwenzake akichapwa: ni deko, ni woga, au ndivyo alivyoumbwa?

MwalimuAwali

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Nafundisha darasa la awali, na kabla ya hapo nilishika la kwanza na la pili. Kila Januari kundi jipya likiingia, hawakosekani wawili watatu ambao wazazi wao wananiletea maneno yaleyale getini: "Mwalimu, huyu anadeka. Nakuachia, mkaze." Uzi huu ni wa hao, watoto wepesi wa kuhisi. Nimechoka kuona mtoto mwenye afya yake anatibiwa ugonjwa asiokuwa nao, tena dawa yenyewe fimbo.

Tuanze na kumtambua. Mwenzake anachapwa, yeye hajaguswa, lakini ndiye anayetetemeka, na jioni nyumbani chakula hakishuki. Sare mpya anaivuta shingoni siku nzima. Ukigeuza kola unakuta lebo imemchubua. Uji wenye mabonge hanywi, mlenda ndiyo usiseme. Baba na mama wakinuniana chumbani bila hata kupaza sauti, asubuhi yeye ndiye anayeuliza, "Mama, umekasirika?" Ukihamisha madawati Ijumaa, Jumatatu anasimama mlangoni haingii. Harusini spika zikifunguliwa anaziba masikio na kulilia nyumbani. Na maswali yake sasa! Mmoja aliniuliza baada ya sikukuu, "Mwalimu, yule mbuzi alikuwa anajua kama ni Idi?" Ana miaka sita. Nikajifanya natafuta chaki.

Dalili moja peke yake haina uzito, maana hakuna binadamu asiye na kinachomkera. Tazama kama mambo yanakuja kwa pamoja: anafikiri sana kabla ya kutenda, penye watu na kelele anachoka upesi, huzuni na furaha vinamwingia mpaka ndani, hata visivyo vyake, na anaona vitu vidogo ambavyo sisi tumeshavipita. Nikibadilisha hereni, wa kwanza kujua darasani ni yeye.

Jambo hili limechunguzwa. Mwanasaikolojia wa Marekani Elaine Aron alianza kuliandikia miaka ya 1990, na mwaka 1997 yeye na mumewe Arthur Aron walichapisha utafiti wao wa kwanza mkubwa kuhusu watu wepesi wa kuhisi. Makadirio yake yalikuwa asilimia 15 hadi 20 ya watu wote. Baadaye mtafiti Michael Pluess, wakati huo akiwa London, na wenzake wakawapima watoto kwa dodoso fupi la maswali 12, na matokeo yao ya mwaka 2018 yanaonyesha makundi matatu: wenye hisia nyepesi sana, wa kati, na wenye ngozi ngumu. Kundi la kwanza ni kama asilimia 20 hadi 35 ya watoto. Na utafiti wa mapacha wa Uingereza uliotoka 2020 ulikuta kwamba karibu nusu ya tofauti hizo (asilimia 47) zinatokana na urithi. Kwa hiyo ukimwona mtoto yuko hivyo, tazama na ukoo. Mara nyingi kuna shangazi asiyekanyaga msibani bila kuugua wiki nzima.

Si ugonjwa. Haumo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, wala hakuna kidonge chake. Ni namna ya kuumbwa, kama kuwa mrefu.

Sasa tufanye nini? Naandika ninayoyaona yakifanya kazi, sifuati mpangilio.

Mtangulizie habari. Usimwamshe alfajiri ukamwambia tunasafiri. Mwambie jana yake: tunaenda kwa bibi, watu watakuwa wengi, kutakuwa na ngoma, ukichoka njoo ushike kanga yangu tutatoka nje kidogo. Ukishamwahidi, kweli utoke naye. Ukimdanganya mara moja, safari ya pili hutaisahau.

Akitoka shule mwache apumue. Huku kwetu mtoto anatoka darasani saa nane, saa tisa yuko tuisheni, saa kumi na mbili madrasa au kwaya, usiku televisheni iko juu mpaka wa mwisho alale. Mtoto wa kawaida anavumilia. Huyu anafika saa mbili usiku analia kwa sababu kijiko chake cha bluu kimepotea, na nyumba nzima inadhani tatizo ni kijiko.

Nguo: kata lebo zote, fua sare mpya mara kadhaa kabla hajaivaa. Ukweli ni kwamba shati la mtumba lililokwisha kulainika ni bora kwake kuliko jipya la dukani. Kinyozi: aende kwanza siku asiyonyolewa, akae atazame, asikie mashine ikinguruma kwenye kichwa cha mtu mwingine. Kama bado, omba mkasi. Wanaosukwa, wengine kichwa kinauma kweli, hawaigizi; msuke mistari mikubwa, ilegee.

Salamu: hapa patanitia matatani na wazee. Mtoto lazima aamkie, sipingi. Lakini kumsimamisha katikati ya sebule, wageni wamemzunguka, "haya sema shikamoo kwa sauti, imba na ule wimbo wa shuleni", huyo hatajifunza adabu, atajifunza kujificha uvunguni mgeni akibisha hodi. Mpe aamkie kwa mkono, kwa sauti yake ndogo, halafu mruhusu aende. Akizoea, sauti itakuja.

Adhabu: huyu ukimtazama tu kashaumia. Ukimwita pembeni ukamweleza kwa sauti ya chini, somo limeingia. Ukimfokea mbele ya watu, kitakachoingia ni kufokewa. Kosa lenyewe halikumbuki tena.

Na jambo wanalolisahau wanaonielewa vizuri mno: usimwondolee kila kitu. Wapo wazazi wakishaambiwa mtoto yuko hivi, basi hapelekwi popote, hakemewi, nyumba nzima inatembea kwa vidole. Hapo unamfundisha kwamba dunia inatisha kweli. Mpeleke harusini, ila mkae mbali na spika na muondoke mapema. Aogelee, ila aanze kwa kulowesha miguu.

Naomba michango, hasa ya wenye watoto wa hivi.

Kipanga_Mzee

Mwalimu, kwa heshima zote, haya ni mambo ya Wazungu. Sisi tulichapwa, tulikula mlenda, tulilala watano kitanda kimoja, na tumekuwa watu. Mtoto wa hivyo zamani asingefika miaka mitano. Mnatulelea taifa la kulialia.

MamaMapacha

Mzee Kipanga shikamoo. Mimi nina mapacha wasiofanana, wamenyonya ziwa moja, wamelelewa na dada mmoja wa kazi, chakula kimoja, kiboko kimoja. Kulwa ukimchapa anajikung'uta anaendelea na mpira. Ukimchapa huyohuyo Kulwa, Doto ndiye anapata homa. Naomba mzee uniambie nimemdekeza yupi.

MwalimuAwali

Mzee Kipanga, shikamoo, lakini hapo pa "asingefika miaka mitano" niruhusu nikupe kisa cha huku kwetu Afrika Mashariki, si cha Ulaya. Miaka ya 1970 daktari mmoja, Marten deVries, alikuwa Kenya akipima tabia za watoto wachanga wa Kimaasai. Akawatenga waliokuwa wapole kabisa na waliokuwa wasumbufu kabisa, wa kulia na kutobembelezeka. Ukame ukaingia, mifugo ikafa, familia zikatawanyika. Aliporudi kuwatafuta alizipata familia saba za wale wapole na sita za wale wasumbufu. Kati ya wapole saba, watano walikuwa wamekufa. Kati ya wasumbufu sita, alikufa mmoja. Maelezo yanayotolewa ni kwamba anayelia ananyonyeshwa, na jamii ile haikuona aibu mtoto kudai.

Nisitie chumvi: ni watoto wachache mno, na usumbufu wa kichanga si kitu kilekile na wepesi wa kuhisi ninaousema hapa. Ila kudhani kwamba mtoto mkimya asiyesumbua ndiye mwenye nguvu, hicho kisa kinakataa.

Na hilo la "tumekuwa watu": waliokuwa watu ndio waliopo hapa wanaandika. Wale walioacha shule darasa la nne kwa kuogopa mwalimu wa hesabu hawako kwenye uzi huu kutujibu.

Mkulima_Kilosa

Nimesoma yote. Kwa lugha ya shambani naona ni mhogo na nyanya. Mhogo chomeka ardhi yoyote, mvua ije isije, utakula. Nyanya ukikosea maji wiki moja imekwisha, ukipatia inakulipa kuliko mhogo. Mkulima hailaumu nyanya.

MwalimuAwali

Mkuu, umefika penyewe. Watafiti nao wamefika hapo: watoto hawa wakiwa pabaya wanaumia kuliko wenzao, na wakiwa pazuri wananufaika kuliko wenzao. Hili la pili ndilo watu hawalijui. Pluess na mwenzake Ilona Boniwell walifuatilia wasichana wa shule katika eneo la watu wa kipato cha chini London waliopewa mafunzo ya kujikinga na sonona. Matokeo yao ya 2015: waliopungukiwa na dalili ni wale wepesi wa kuhisi. Waliobaki, mafunzo yaliwapita tu. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto huyu, kila dakika unayoiweka vizuri inarudi.

Binti_wa_Mrima

Mwalimu, mwanangu ni hivyo hivyo, ila kwetu wanasema ana watu wake. Bibi yake keshamfukiza mara mbili, mtoto anatapika, bibi anasema ndiyo yanatoka hayo.

MwalimuAwali

Dada, bibi tumheshimu, na dua asinyimwe mtoto. Asomewe, ashikwe kichwa, hilo halimdhuru, na wengi linawatuliza kwa sababu ni sauti ya chini na mkono wa mtu anayempenda. Moshi ndio mwombe bibi auache. Mtoto ambaye harufu ya mafuta ya taa inamuumiza kichwa, ukimfunika shuka juu ya chetezo lazima atapike. Mweleze bibi kwa upole, tena ikiwezekana mwanawe wa kiume ndiye amweleze, wewe mkwe usibebe hilo peke yako.

Nesi_wa_Kliniki

Naomba niingie kwa upande wa afya, kwa sababu nahofia mtu atasoma hapa akabaki nyumbani na mtoto anayehitaji kuonwa.

Mtoto anayesemwa na mwalimu anasoma sura za watu kupita kiasi. Anakutazama, anakuonyesha vitu kwa kidole, anataka umwone alichochora. Kama mtoto ana mwaka na nusu au miwili na haitiki jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole, maneno hayaji au yalikuja yakapotea, anazungusha gurudumu la kigari saa nzima bila kukuangalia, usikae. Mlete apimwe masikio kwanza, kisha usonji (autism, yaani ubongo kukua kwa namna tofauti). Watoto wenye usonji nao wanaziba masikio na kukataa lebo, ndiyo maana watu wanachanganya. Na mtoto anaweza kuwa na vyote viwili.

La pili ni zito zaidi. Wepesi wa kuhisi kwa kawaida unaonekana tangu utotoni; ukimuuliza mama anakumbuka hata alipokuwa kichanga alishtuka na mlango. Mtoto aliyekuwa mchangamfu, halafu ghafla anaogopa mtu fulani, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, hataki kuoga au kuvuliwa nguo, huyo si "kaumbwa hivyo". Huyo kuna kitu kimempata. Muulize taratibu, usimlazimishe, na ukishuku ukatili nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, ni bure, Tanzania na Kenya namba ni hiyo hiyo.

MwalimuAwali

Nesi, ubarikiwe. Wanaosoma mpaka hapa, hiyo ya nesi isomeni mara mbili.

Mombasa_Raha

Mwalimu, mimi niko Kenya. Huku kiboko shuleni kilipigwa marufuku tangu 2001, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 ikakaza zaidi. Lakini nitakuambia kweli: walimu wameacha fimbo wakashika mdomo. Kijana wangu anaitwa msichana mbele ya darasa kwa sababu alilia wakati wa filamu. Dada yake akilia hivyo hivyo anaambiwa ana huruma.

MwalimuAwali

Ndugu yangu, huku kwetu Tanzania Bara kiboko bado kipo kisheria, ingawa kanuni zinataka visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye, na viandikwe kitabuni. Kitabu chenyewe sijui wangapi hapa wamewahi kukiona.

Hilo la mvulana na msichana umegusa penye kidonda. Tabia moja, mvulana na msichana, majina mawili. Kuna utafiti wa Uchina unaonifikirisha sana. Xinyin Chen na wenzake waliwafuatilia watoto wenye haya na wepesi wa kuhisi mjini Shanghai. Mwaka 1990 watoto hao walipendwa na wenzao, na walimu waliwaona wanafaa kuongoza. Walipopima kundi jingine mwaka 2002, baada ya mji kugeuka wa biashara na kushindana, watoto wa namna ileile walikuwa wanatengwa. Mtoto hakubadilika. Kilichobadilika ni kinachosifiwa mtaani.

Sisi nasi tulikuwa na sifa ya "mtoto ana haya", ikawa ni pambo. Sasa kila tangazo la shule linataka mtoto anayejiamini, maana yake anayeongea kwa sauti. Kijana wako mtafutie kazi ambayo kuona kwake kwa undani kunaonekana mbele ya wenzake: kutunza sungura wa shule, kusimamia maktaba, kupiga ngoma ya kwaya, hata urefa msaidizi. Na huyo mwalimu umfuate, mzungumze wawili, usiandike kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mwalimu akiaibishwa mbele ya wazazi, anayelipa ni mtoto.

Kipanga_Mzee

Nimerudi. Nina mjukuu, mvulana. Nimemwona humu katika nusu ya maelezo. Ila yeye si mpole, ni mkorofi. Anavunja vitu. Hiyo mnaisemaje?

MwalimuAwali

Mzee wangu, swali zuri, maana wengi wanadhani watoto hawa wote wanakaa kona. Aron mwenyewe anakadiria karibu watatu kwa kumi kati ya watu hawa ni wachangamfu wanaopenda watu. Nina mmoja anaongoza nyimbo mstarini shule nzima ikimtazama, akirudi darasani analaza kichwa mezani. Ukorofi nao huwa ni kujaa. Tazama anavunja saa ngapi. Kama ni jioni baada ya shule, au siku nyumba ina wageni, au akiwa na njaa, basi kachoka na hajui kusema. Mpeleke nje, mpe maji, mpe kazi ya mikono kama kumenya njugu au kumwagilia. Kama anavunja saa yoyote, popote, na darasani hakai kitako hata dakika mbili, hilo ni lingine, mrudishe kwa nesi.

Kipanga_Mzee

Ni jioni. Wakirudi na basi la shule. Linapiga muziki hilo basi kama disko.

MwalimuAwali

Mzee, ongea na dereva.

MamaMapacha

😂 Mzee Kipanga karibu chama chetu. Mwalimu, swali la mwisho kwangu. Baba yao anataka wote wawili waende bweni darasa la tano. Kulwa sina shaka naye. Doto je?

MwalimuAwali

Kwa maoni yangu mimi, Doto asubiri. Bweni ni kelele usiku na mchana, hakuna mlango wa kufunga, na miaka kumi ni midogo. Lakini kumtenganisha na pacha wake nako ni pigo, kwa hiyo ningewabakiza wote kutwa mpaka sekondari.

Dereva_Usiku

Hapo napingana nawe, mwalimu. Binti yangu ni wa aina hii kabisa na bweni lilimponya. Nyumbani kwetu ni nyumba ya kupanga, vyumba kumi, baa iko ukutani. Shule iko shambani, saa tatu taa zimezimwa, kimya. Ratiba haibadiliki, na hicho ndicho anachopenda: anajua Jumatano ni maharage, Alhamisi ni kufua.

MwalimuAwali

Hilo sikulifikiria, na lina mantiki, maana nilikuwa napima bweni kwa nyumba tulivu. Niambie mawili, mkuu. Walikuwa wangapi chumbani? Na matroni alikuwa mtu wa namna gani kwake?

Dereva_Usiku

Wanane. Matroni alikuwa mama mtu mzima asiyepiga kelele. Mwaka wa pili wakamleta mwingine, wa filimbi, binti akaanza kuumwa tumbo kila Jumapili jioni. Tukaongea na mkuu wa shule, wakamhamishia bweni la wadogo, akawa anamsaidia yule mama wa zamani kuwalaza. Tumbo likaacha.

MamaMapacha

Basi naenda kuwaona matroni kabla ya kuona madarasa. Baba yao atasema nimechanganyikiwa.